Kuhamisha video na picha kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye simu janja: njia ipi hufikisha faili zikiwa nzima?

MwalimuAlama (mwanzilishi wa mada)

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha lugha ya alama, na kwa miaka kadhaa nimekusanya ndani ya kompyuta yangu ya Windows masomo ya video yapatayo 300 pamoja na kadi za picha zaidi ya 8,000, kila kadi ikiwa na alama moja. Jumla yake ni gigabaiti 46, na video moja peke yake, ile ya somo la hadithi, ina gigabaiti 6. Ninataka vyote viwe ndani ya simu yangu ya Android ili niweze kufundisha hata mahali ambapo kompyuta haibebeki. Nafasi kwenye simu inatosha.

Nimekwisha kujaribu njia tatu. Bluetooth ilinishinda kabla hata video ya kwanza haijamalizika. Nilipojitumia video kwa WhatsApp zilifika upesi, lakini vidole vilikuwa vimefifia, na katika lugha ya alama kidole kimoja kisichoonekana sawasawa hubadilisha neno zima. Waya wa USB nao ulichaji simu tu, kompyuta isionyeshe chochote. Naomba mnilinganishie njia zilizopo, si kwa kasi peke yake, bali kwa kuangalia ni ipi itafikisha faili zangu kama zilivyotoka. Baadhi ya video zinaonyesha sura za wanafunzi wangu, kwa hiyo faragha nayo ninaijali sana.

KeboFupi

Ndugu Mwalimu, usiukatie tamaa waya mapema, kwa sababu kwa mzigo kama wako ndio njia ambayo ningeanza nayo. Waya kuchaji bila kuonyesha faili huwa na sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni waya wenyewe: ziko nyaya zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchaji tu, ambazo ndani hazina nyuzi za kupitishia data, na kwa nje huwezi kuzitofautisha na nyingine. Ya pili ni simu, kwani Android inapounganishwa na kompyuta huanza kwa kuchaji peke yake, na inakulazimu ufungue simu, ushushe sehemu ya taarifa juu ya kioo, ubofye ile taarifa ya USB, kisha uchague kuhamisha faili.

Kuhusu kasi, USB 2.0 imewekewa kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde (biti nane hufanya baiti moja), lakini katika matumizi halisi tarajia megabaiti 30 hivi kwa sekunde, yaani gigabaiti 46 zitachukua kama nusu saa ikiwa faili ni kubwa kubwa. Wala usidanganyike na umbo la tundu, maana simu nyingi zenye tundu la USB-C bado zinatumia kasi ileile ya USB 2.0 ndani yake. Kwa upande mwingine, Bluetooth ya kawaida hupitisha takriban megabiti 2 kwa sekunde. Mzigo wako ungechukua zaidi ya siku mbili mfululizo, na ungelazimika kuanza upya kila muunganisho unapokatika.

BilaWaya

Nakubaliana na KeboFupi kuhusu Bluetooth, ila sikubali kwamba waya ndio uanze. Kompyuta huzungumza na simu ya Android kwa itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano, iitwayo MTP, na itifaki hiyo ina kasoro zake: hushughulikia jambo moja kwa wakati mmoja, na folda yenye maelfu ya faili ndogo huweza kuigandisha kabisa. Zile kadi 8,000 ndizo zitakazomtesa Mwalimu, wala si ile video ya gigabaiti 6.

Mimi hutumia LocalSend, programu huria isiyolipiwa, ambayo ipo kwa Windows, macOS, Linux, Android na iPhone. Vifaa viwili vikiwa kwenye Wi-Fi moja huonana, faili zikapita moja kwa moja kati yao zikiwa zimefungwa kwa usimbaji ili mtu mwingine asizisome, bila kugusa intaneti, kwa hiyo sura za wanafunzi haziendi kwa mtu mwingine. Quick Share ya Google, ambayo hadi mwanzoni mwa 2024 iliitwa Nearby Share, nayo ina programu ya Windows na hufanya kazi vizuri kwa Android. Vifaa visipoonana, mara nyingi kosa liko kwenye mtandao wenyewe: Wi-Fi za wageni na za maeneo ya umma kwa kawaida huzuia vifaa kuwasiliana, na Windows nayo huwa inafunga mlango kama mtandao umeandikishwa kuwa wa umma badala ya wa binafsi.

Niongeze jambo ambalo wengi hawalizingatii. Kompyuta na simu zikiwa zote bila waya kwenye ruta moja, kila faili hupita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwa ruta kisha kwenda kwa simu, na kasi hushuka takriban kwa nusu. Ukiiunganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao, utaona tofauti papo hapo.

MhaririVideo

Ninataka kuligusa lile suala la vidole kufifia, kwa sababu hapo ndipo kuna madhara ya kudumu. Programu za ujumbe huibana video upya kabla ya kuituma, na kilichopotea katika kubanwa hakirudi, hata ukiipokea kwenye simu yenye kioo bora. Mikono inayokwenda kasi ndiyo huumia kwanza, kwa kuwa mbinu za kubana video hutegemea picha zinazofuatana kufanana. WhatsApp ina njia ya kuliepuka hilo, nayo ni kutuma video kama hati badala ya video, na hapo faili hufika bila kuguswa. Lakini kikomo chake ni gigabaiti 2 kwa faili, kwa hiyo somo lako la hadithi haliwezi kupita. Telegram nayo inapokea faili za hadi gigabaiti 2 kwa mtumiaji asiyelipia, ila mazungumzo yake ya kawaida huhifadhiwa kwenye seva zake bila usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani ule unaofunguliwa na mtumaji na mpokeaji peke yao. Kwa video za wanafunzi nisingeitumia.

Tahadhari moja zaidi, Mwalimu, iwapo utatumia waya: wakati wa kunakili video, Windows inaweza kukuuliza kama unataka igeuzwe kwanza kwa madai kwamba huenda simu isiweze kuicheza. Kataa. Chagua inakiliwe tu kama ilivyo, kisha kwenye simu uifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video ambayo hucheza takriban kila aina ya video.

MtunzaNyaraka

Wenzangu mmeeleza jinsi ya kusafirisha, ila bado hatujamwambia Mwalimu atajuaje kwamba kilichofika ndicho kilichotumwa. Kuona jina la faili kwenye simu si ushahidi, kwa sababu uhamisho uliokatika unaweza kuacha faili yenye jina kamili na maudhui nusu.

Kwa zile kadi ninashauri zikusanywe katika faili za zip, yaani faili moja inayobeba nyingine nyingi ndani yake, mathalani kwa makundi ya picha 1,000, na wakati wa kuzitengeneza uchague zisibanwe, maana picha za JPEG zimekwisha kubanwa tayari na kuzibana tena ni kupoteza muda. Kwa njia hiyo faida ni mbili. Simu inapokea faili 8 badala ya 8,000, na ile kasoro ya MTP aliyoitaja BilaWaya inaondoka. Isitoshe, kila picha ndani ya zip huambatana na namba yake ya ukaguzi, hivyo programu ya kuifungua itakuonya ikiwa kuna iliyoharibika njiani. Kumbuka tu kwamba wakati wa kufungua utahitaji nafasi maradufu kwa muda mfupi. Kwa video, linganisha ukubwa kwa baiti kamili, si kwa gigabaiti zilizokadiriwa, na kwa zile usizoweza kurekodi upya, linganisha namba ya SHA-256, ambayo hukokotolewa kutokana na maudhui ya faili, ya pande zote mbili. Kwenye Windows amri ya certutil huitoa bila kusakinisha chochote, na kwenye simu zipo programu nyingi za kazi hiyo.

Hifadhi za wingu sizikatai kwa jumla, ila hapa hazifai. Google hutoa gigabaiti 15 bure, tena zikigawanywa na barua pepe na picha, na Dropbox hutoa 2. Hata ukilipia zaidi, kila baiti utaipakia kisha uipakue, na kwa intaneti ya kupakia yenye megabiti 10 kwa sekunde, safari ya kwanza tu itamaliza saa kumi.

Mwisho, nakili, usikate na kubandika. Faili za kwenye kompyuta zifutwe, kama ni lazima zifutwe, baada tu ya kukagua.

MpitaNjia

Samahani kwa kuuliza juu ya swali la mwenzangu: je, flashi yenye ncha mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu, haitoshi? Nami ninatumia iPhone, je, ushauri huu unanihusu?

KeboFupi

Flashi inatosha kabisa, na nilipaswa kuitaja, hasa pale kompyuta si yako na hutaki kuiunganisha na simu. Angalia tu namna ilivyofomatiwa. Ikiwa ni FAT32, haitapokea faili inayofika gigabaiti 4, na video ya Mwalimu itakataliwa hata kama nafasi ipo. Ifomati kwa exFAT, lakini uhakikishe kwanza simu inaisoma, kwa kuwa si Android zote zinazoisoma. iPhone inasoma flashi za aina zote mbili kupitia programu ya Faili tangu iOS 13 ya mwaka 2019. Mwenye Mac atumie AirDrop, njia ya Apple ya kutumiana faili bila waya. Mwenye Windows hawezi kuipata, hivyo LocalSend inamfaa zaidi, mradi aiache wazi kwenye kioo mpaka uhamisho ukamilike.

MwalimuAlama (mwanzilishi wa mada)

Ndugu zangu, nimefanya kama mlivyoelekeza na ninarudi kutoa taarifa. Waya wangu ulikuwa kweli wa kuchaji tu. Nilipopata mwingine, video zote ziliingia kwa muda usiofika dakika 40, pamoja na ile ya hadithi, na swali la kugeuza lilitokea mara mbili nikalikataa. Kadi nilizituma kwa LocalSend zikiwa katika zip 8. Moja iligoma kufunguka, nikaituma upya ikafunguka, na bila ushauri wa MtunzaNyaraka nisingejua kwamba picha kadhaa zimeharibika mpaka nisimame mbele ya wanafunzi. Vidole vinaonekana vyote.

Limebaki tatizo dogo: picha 8,000 zimejaa kwenye matunzio ya simu, na picha za familia yangu siwezi kuzipata tena kwa urahisi.

MtunzaNyaraka

Tengeneza faili tupu ndani ya folda ya kadi na uipe jina la .nomedia, likianza na nukta hiyo. Matunzio yataiacha folda hiyo, ingawa huenda ukahitaji kuzima simu na kuiwasha, na kadi utaendelea kuzifungua kupitia programu ya kusimamia faili.