Mrejesho: antena ya fimbo kwenye pikapu, Malindi

Ndugu zangu, niliuliza niifunge wapi antena ya redio ya 27 MHz: paani au nyuma. Nimechukua ile ndefu, yenye urefu wa robo ya wimbi la redio, kama mita 2.6. Paani ingechapa kila mwembe wa hapa mjini, basi ikaenda kwenye kona ya bodi nyuma, na springi chini yake.

Kipimo cha SWR (kinaonyesha nguvu ya redio inavyorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) kikasoma 3! Kumbe rangi ilizuia kitako kisiguse chuma. Fundi akaikwangua hadi chuma kikang'aa, akaongeza waya wa athi, ikashuka hadi 1.4. Tukapaka grisi, maana chumvi ya bahari haina huruma. Mjini naikunja mbele kwa kamba. Aliyenishauri bampa ya plastiki, sikukusikiza, nisamehe.