Mrejesho: mwezi mmoja wa kusoma na kuandika safarini

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaomba ushauri kwa sababu kazi na malezi vilikuwa vimenichosha kiasi kwamba sikuwa nasoma kitabu wala kuandika hata ubeti mmoja. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Ushauri wa kuamka saa kumi alfajiri niliufuata kwa siku 4 tu, kwani mtoto aliamka pamoja nami kila mara, nikauacha. Ulionifaa zaidi ni wa dada aliyenihimiza kutumia muda wa safari. Kila siku ninavuka kwa pantoni kutoka Kigamboni hadi Kivukoni, jijini Dar es Salaam, na kungoja geti lifunguliwe huchukua muda mrefu kuliko kuvuka kwenyewe. Hapo ndipo nilipomaliza riwaya 2, nikiwa nimesimama kwenye foleni.

Kaka aliyesema nianze na utenzi, yaani shairi refu ambalo kila ubeti wake una vipande 4 vya mizani (silabi) 8, naye alinisaidia sana, maana kuhesabu mizani kwa vidole kuliniondolea hofu ya ukurasa mtupu. Asubuhi moja mlango wa pantoni uligusa ardhi kwa kishindo, mama muuza samaki aliyekuwa mbele yangu akajitwika ndoo yake tupu, nami nikaandika papo hapo: "Maji yanapiga chuma." Sasa nina beti 11, ingawa kina cha mwisho, yaani silabi inayofunga ubeti na inayopaswa kurudi katika kila ubeti, kinanishinda kuanzia ubeti wa 7, na bado sijakipatia dawa.