Naomba ushauri: kama seramiki haibonyei, alama ya Vickers kwenye alumina yangu imetoka wapi?

Mwasi_Uhandisi
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa nne, uhandisi mitambo. Mradi wangu wa mwisho ni alumina (oksaidi ya aluminiamu). Nimeichoma kwenye tanuru la kuazima, nikaikata, nikaing'arisha, nikapima ugumu kwa Vickers (ncha ya almasi yenye umbo la piramidi inayokandamizwa juu ya sampuli), mzigo wa kilo 1.

Kwenye andiko niliandika: "Seramiki huvunjika bila kubadilika umbo kwa sababu fuwele zake hazina dislokesheni." (Yaani kasoro za mstari katika mpangilio wa atomi.) Msimamizi ameipigia mstari mwekundu, pembeni akachora kimraba na kuandika: "Basi hii imetoka wapi?" Na kweli, chini ya hadubini kuna alama ya mraba, nyufa zinatoka kwenye kona zake. Mzigo uliondolewa wiki iliyopita, alama iko palepale.

Natetea mradi baada ya siku tano. Sentensi hii naitengenezaje? Na kuna jaribio lolote naweza kuongeza? Tanuru limesharudishwa kwa wenyewe. Natanguliza shukrani.

Chuma_Pua
Dada, andika tu kwamba vifungo vya ayoni ni imara kuliko vya metali. Inatosha.

Mzee_wa_Hadubini
Chuma_Pua, haitoshi, na akijibu hivyo watambana. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya walibana fuwele moja ya zinki salfaidi. Kwenye mwanga ilivunjika upesi. Kwenye giza totoro ilibadilika umbo kwa takribani asilimia 45 bila kupasuka. Ukizima taa vifungo haviwi dhaifu. Kilichobadilika ni wepesi wa dislokesheni kutembea.

Mwasi, mwanangu, hapo ndipo kosa lako lilipo. Dislokesheni zimo. Taylor, Orowan na Polanyi walipozipendekeza mwaka 1934, kila mmoja kivyake, walikuwa wanaeleza fuwele kwa jumla. Mtazame jongoo: hainui miguu yote kwa pamoja, wimbi dogo linapita mwilini na mwili mzima unasogea. Fuwele nayo inateleza hivyo, safu moja baada ya nyingine. Swali la kujibu ni kwa nini huyo jongoo hatembei kwenye alumina ya baridi.

Kwanza, hatua yake ni ndefu. Kwenye aluminiamu, vekta ya Burgers, yaani urefu wa hatua moja ya mteleko, ni nanomita 0.286. Kwenye bapa la msingi la alumina ni 0.476. Nishati ya dislokesheni hufuata mraba wa vekta hiyo, kwa hiyo kwa urefu peke yake gharama imepanda karibu mara 2.8. Pili, kila hatua ayoni za oksijeni na za aluminiamu lazima zipishane bila zenye chaji sawa kukaribiana mno. Mkazo unaohitajika ni mkubwa kiasi kwamba ufa mdogo uliopo juu ya sampuli unafunguka kabla haujafikiwa.

Sasa alama yako. Chini ya ncha ya almasi, fuwele imebanwa pande zote na ufa hauna nafasi ya kufunguka. Mkazo unapanda mpaka dislokesheni zinasogea hata kwenye joto la chumba. Mtafiti Hockey alizionyesha kwa hadubini ya elektroni mwaka 1971, kwenye alumina iliyobonyezwa na iliyosuguliwa. Nyufa za kwenye kona zinakuja pale kubanwa kunapopungua.

Mwasi_Uhandisi
Asante sana, mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Ila fuwele moja ya magnesiamu oksaidi inabadilika umbo kwenye joto la chumba, na kipande chenye punje nyingi (fuwele ndogo zilizoshikana) kinapasuka. Dislokesheni si zilezile?

Mzee_wa_Hadubini
Zilezile. Lakini punje iliyozungukwa na wenzake lazima iweze kubadilika umbo kila upande ili mipaka isiachane. Kwa hilo inahitaji mifumo mitano huru ya mteleko, yaani njia tano za kuteleza zisizotegemeana. Magnesiamu oksaidi ya baridi inateleza kwenye mabapa ya (110), yaani yanayokata mche kwa mshazari, na hayo yanatoa miwili tu. Punje moja ikitaka kwenda, jirani hawezi kuifuata, ufa unaanzia mpakani.

Mawe_ya_Umba
Mimi nauza mawe, si mhandisi. Rubi na safaya tunazotoa Bonde la Umba ni alumina hiyohiyo. Jiwe la kundi hili halina mpasuko wa asili kama almasi, lakini mengine yanaachana kwenye mabapa yaliyonyooka. Mwalimu wangu wa jemolojia alisema hayo ni mapacha ya fuwele (sehemu mbili zilizopangika kama taswira kwenye kioo), mengine yametokana na kubanwa ardhini. Sijui kama inakusaidia.

Mzee_wa_Hadubini
Inasaidia sana, kaka. Mwasi, ongeza aya moja ya upacha, kwa sababu chini ya ncha ya Vickers nao huchangia.

Chumvi_Mawe
Kuhusu jaribio, tumia chumvi. Muundo wake ni ule wa magnesiamu oksaidi, na mteleko ni kwenye (110) vilevile. Usichukue ya dukani, omba idara ya jiolojia kipande cha haliti (chumvi mawe) kisicho na mawingu. Weka wembe sambamba na uso wa mche, gonga kidogo, upate ufito wa milimita 2 hivi. Mmoja upinde mkavu, utakatika. Wa pili uzamishe kwenye maji ya vuguvugu na uupinde taratibu humohumo. Utapinda na kubaki umepinda. Mwanafizikia Ioffe alilionyesha hili miaka ya 1920: maji yanayeyusha ngozi ya juu yenye nyufa ndogo, mteleko unapata muda wa kuanza.

Baadaye ukaushe, uuweke kati ya vioo viwili vya miwani ya polaroidi vilivyokingamana. Tafuta mistari yenye mwanga iliyolala nyuzi 45 kutoka kwenye nyuso za mche. Ipige picha hiyo, ndiyo mteleko wenyewe.

Mwasi_Uhandisi
Nimefuta ile sentensi. Sasa inasomeka: "Fuwele za alumina zina dislokesheni, lakini kwenye joto la chumba ufa hufunguka kabla mkazo wa kuzisogeza haujafikiwa, isipokuwa pale nyenzo inapobanwa pande zote." Kesho asubuhi naenda jiolojia kuomba haliti.

Mzee_wa_Hadubini
Nenda na vipande vya akiba. Wa kwanza karibu kila mtu anauvunja kwa haraka ya mikono.