Mafundi wa "badilisha sensa": nimeliwa 425,000 kwa soketi yenye kutu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe lugha ikichafuka.

Nina Corolla 110 ya 1998, injini ya 5A, niliyoachiwa na kaka yangu. Mwezi wa pili ikaanza vituko: asubuhi moshi mweusi, ukikaa ndani unasikia harufu ya petroli, na ukiizima dukani dakika kumi inakataa kuwaka mpaka uikanyagie mafuta. Nilikuwa napata kilomita 12 kwa lita, zikashuka hadi 7. Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka, inazima, inawaka tena.

Nikaipeleka gereji moja hapa Dar, jina naliacha. Jamaa akachomeka kimashine chake cha kusoma makosa ya gari, hakikushika. Hilo simlaumu. Vimashine vile vinafuata mfumo ambao Marekani iliulazimisha kwa magari ya kuanzia 1996, na hizi Toyota za zamani za soko la Japani nyingi haziongei lugha hiyo. Ninachomlaumu ni kilichofuata. Alikunja kimashine, akaniambia, "Bosi, hizi gari nazijua kwa uzoefu. Hiyo ni oksijeni sensa."

Yaani kile kifaa kinachoipimia kompyuta ya gari oksijeni kwenye moshi. Uzoefu! 85,000 hiyo, ya mtumba. Akachomoa terminali ya betri, akarudisha, taa ikazima. Nikashukuru kama mjinga. Siku mbili, taa hiyo hapo. Safari hii ikawa "mapu sensa", ile ya kupima mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini, 70,000. Terminali ikachomolewa, taa ikazima, nikalipa. Haikumaliza wiki. Plagi nne, 40,000. Halafu akaja na hukumu ya mwisho: kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, 180,000. Weka na ufundi wa 50,000. Ukimsikia anavyotaja sensa na kodi (namba za makosa) utadhani uko ofisini kwa mtendaji wa kata.

Kontroli boksi "mpya" ikafungwa. Moshi uleule.

Hapo ndipo nilipompigia mjomba wangu, fundi mstaafu wa magari ya serikali, yuko Morogoro. Hakuniuliza gari ina kodi gani. Aliuliza, "Umehesabu taa?" Taa gani, mjomba? Kumbe chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye mfuniko, ndani mna matundu yenye majina. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kustati, unakaa kuangalia taa ya injini. Ikipepesa harakaharaka bila kukatisha, hakuna kosa. Yangu ikapepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili. 22. Sensa ya joto la maji. Oksijeni ingekuwa 21, mapu ingekuwa 31. Kipande cha waya, wakuu! Miezi miwili gari ilikuwa inasema yenyewe, na hakuna aliyeisikiliza.

Nikarudi kwa fundi na hiyo 22. Akacheka. "Mbona geji ya tempu inasoma vizuri? Sensa nzima hiyo." Hapa ndipo nilipotaka kumrushia spana. Ya geji ni nyingine, ina waya mmoja. Inayoongea na kompyuta ina waya mbili, na hizo mbili hazijuani. Mtu anafungua gereji, anachukua hela za watu, na hilo halijui?

Nikanunua multimita ya 15,000. Mjomba yupo kwenye simu, mimi niko chini ya boneti. Toyota wanataka sensa hiyo isome kati ya oma (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, na kati ya 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Yangu ikiwa baridi, kwa joto hili letu, ilisoma 1,700, injini iliposhika joto ikasoma 280. Nzima kabisa! Mjomba akasema niirudishie soketi, nichomoe ile ya kompyuta, nipime kwenye waya zinazokwenda huko huku natikisa ya sensa. Namba zikaanza kuruka: 300, 5,000, 900. Nikaichomoa hiyo ya sensa na kuichungulia. Pini moja ya kijani kwa kutu.

Waya ukikatika kabisa, kompyuta inajua, inawasha taa na kujikadiria nyuzi 80 ili gari itembee. Balaa ni kutu ya nusunusu. Inaongeza oma, kompyuta inaamini injini ina baridi, inamwaga petroli kama iko Makete mwezi wa saba. Ndiyo ule moshi, ndiyo ile harufu.

Nimekwangua pini kwa msasa laini, nikabana, nikachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) sekunde 30 kufuta kodi. Wiki ya tatu hii, taa haijawaka.

Nimerudi kudai kontroli boksi yangu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa. Jibu: "Tuliitupa." Mtu hatupi kontroli boksi, jamani. Imeshauzwa kwa mwingine mwenye kutu kama yangu. Mwenye kujua namna ya kumbana huyu bwana anisaidie, risiti ninazo mbili tu kati ya tano.

Na kama kuna mdau anajua pale Gerezani, hapa Dar, ni wapi wanauza soketi ya pini mbili ya sensa hiyo ikiwa na vipande vya waya zake, aniambie. Yangu nimeizungushia tepu.