Kuh: Mchango wa taarab Wete, na ile robo ya serikali

Assalaam alaykum. Jumuiya hapa Uingereza inataka kukisaidia kikundi cha taarab Wete, Pemba: ganuni (ala ya nyuzi ya kudonoa), nyuzi, na posho ya mwalimu mwaka mzima. Tufanye karamu tuuze tiketi, au tuchange tu?
— Leicester

Wa alaykum salaam. Changeni. Sanaa ni kazi ya hisani kisheria, kwa hiyo jumuiya ikishasajiliwa na mamlaka ya kodi ikaitambua, kila pauni 1 ya mlipa kodi huongezewa peni 25 na serikali, jumuiya ikizidai, kwa mpango wa Gift Aid. Tiketi haiongezewi kitu: aliyelipa kala biriani, huko ni kununua. Bahati nasibu vivyo hivyo.

Mtoaji ajaze tamko: jina kamili, anwani ya nyumbani, jina la jumuiya, na kwamba anajua kodi aliyolipa kati ya 6 Aprili na 5 Aprili ya mwaka unaofuata isipungue kiasi kitakachodaiwa serikalini, ikipungua, atajazia yeye. Asiyekatwa kodi asitie saini, sadaka yake itapokelewa vile vile. Panapoharibika khasa ni mazoea yetu ya kukusanyiana: mmoja anapokea pauni 20 za watu kumi na tano, anatuma 300 kwa jina lake na tamko juu. Hizo si zake, hazidaiki. Kila mtu atume mwenyewe, kwa agizo la benki la kila mwezi.

Pesa za Pemba ziingie akaunti ya kikundi, si simu ya mwenyekiti. Jumuiya itatakiwa kuonesha zimefanya kazi gani huko: barua ya maombi, risiti, orodha ya wanafunzi.
— Cardiff

Nyongeza kutoka Mji Mkongwe. Nyuzi za ganuni hupita sabini, tatu tatu kwa kila sauti, basi leteni seti ya akiba. Daraja lake hukaa juu ya ngozi, mara nyingi ya samaki. Masika ngozi hulegea na sauti zikashuka. Ya plastiki haina uzuri ule, lakini Wete itadumu.

Posho ya mwalimu itangulie ganuni, jamani. Wafadhili hupenda kitu cha kupigia picha, mshahara haupigwi picha. Wala msimtegemee mfadhili mmoja: Sauti za Busara, tamasha la muziki la hapa Zanzibar la tangu 2004, halikufanyika 2016 kwa kukosa fedha.

Kikundi kina akaunti kwa jina lake? Kama hakina, anzeni hapo.
— Unguja