Kikundi: Ukoo wa Mzee Hamisi bin Juma, Pangani na Mwera

JUMANNE

08:14 Zuhura: Assalaam alaykum wanaukoo. Hitima ya wazee ni Jumapili ya wiki ijayo, Pangani, inshaAllah. Bango la shajara, yaani mti wa ukoo, linakwenda kwa mchapaji Ijumaa saa nne asubuhi. Leo nataka jibu moja tu: Mzee Hamisi bin Juma alifariki mwaka gani?

08:15 Zuhura: Shajara ya marehemu Ami Rajabu inasema 1927. Mwenye pingamizi aseme sasa.

09:02 Zuhura: Naona mnasoma. Tiki za buluu zimejaa.

09:30 Athumani: Mzee kasubiri karibu miaka mia, Ijumaa haimtishi 😂

09:31 Zuhura: Kaka Athumani, mchango wako bado. Elfu ishirini.

09:31 Athumani: Bando linaniishia hapa hapa

10:05 Fadhili: Shikamooni nyote. Da Zuhura, mimi nina pingamizi. Siku ya mazishi ya Shangazi Mwajuma nilipiga picha lile kaburi la mzee. Jiwe lina hati za Kiarabu: Shaabani 1327.

10:05 Fadhili: [picha]

10:21 Mwalimu Bakari: Waalaykum salaam. Kijana kasoma vizuri. 1327 ni Hijria. Mwaka ule ulianza Januari 1909, na Shaabani yake iliangukia Agosti na Septemba za 1909. Rajabu alichukua tarakimu mbili za mwisho akaziwekea 19 mbele. Allah amrehemu, ndiye aliyehangaika kuandika wakati wengine tumelala.

10:24 Zuhura: Basi 1909. Nabadilisha. Ahsante Mwalimu, tumemaliza.

10:26 Fadhili: Hatujamaliza Da. Kama alifariki 1909, hii kodi ya 1924 alilipa nani?

10:26 Fadhili: [picha]

10:27 Fadhili: Stakabadhi ya kodi. Hamisi Juma, Mwera. Ami Rajabu aliibandika kwenye daftari lake chini ya jina la mzee huyo huyo.

10:29 Athumani: Babu alikuwa raia mwema wallahi, kalipa kodi akiwa kaburini. Watu wa mapato wasiione hii, watatuanzia sisi

10:30 Mwanaidi K.: 😂😂😂

10:30 Hamisi Mdogo: 😂 Mimi nina jina lake, naomba nisidaiwe

10:33 Saumu: Jamani kuhusu pilau, tunapika wenyewe au tunamwita yule mama wa Bomani? Mara ya mwisho wali ulikuja mbichi

10:34 Hamisi Mdogo: Saumu umegusa penyewe

10:36 Zuhura: Pilau baadaye!! Mwalimu, tafadhali.

11:10 Mwalimu Bakari: Stakabadhi ni ya zama za Mwingereza. Sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ilitungwa 1922, na kiasi hapo kimeandikwa kwa shilingi. Mjerumani alitoza rupia. Kwa hiyo aliyelipa alikuwa hai baada ya vita. Huyu na wa kaburini ni watu wawili.

11:12 Zuhura: Atakuwa mjukuu. Si tunarithishana majina?

11:19 Mwalimu Bakari: Yawezekana. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Hamisi akimzaa Juma, Juma atamzaa Hamisi. Karani akiandika majina mawili, babu na mjukuu wanageuka mtu mmoja kwenye karatasi. Hata ukiongeza jina la tatu hupati kitu, maana nalo linajirudia. Tazameni mama ni nani, mahali ni wapi, na mashahidi ni kina nani.

11:40 Sele wa Mwera: Mahali ni Mwera. Imeandikwa hapo. Huyo ni babu yetu sisi.

11:41 Sele wa Mwera: Tumelisema hili toka baba yuko hai. Kwenye shajara ya Ami Rajabu ukoo mzima wa Mwera tumewekwa pembeni kwa mstari wa nukta nukta kama wapangaji.

11:43 Zuhura: Sele, ile ilikuwa rasimu.

11:43 Sele wa Mwera: Rasimu ya miaka ishirini? Na minazi iliyouzwa ilikuwa rasimu?

11:44 Zuhura: Mambo ya minazi yalishazungumzwa.

11:44 Sele wa Mwera: Na nani? Mama yangu alipata habari kwa mnunuzi, kamkuta anaangua madafu.

11:47 Shangazi Mwanahamisi: [Ujumbe huu umefutwa]

11:48 Athumani: Shangazi nimewahi kuusoma 🙈

11:49 Zuhura: Naomba tuheshimiane. Bango, Ijumaa.

JUMATANO

07:55 Zuhura: Kimya cha jana jioni hakinisaidii. Fadhili, ulisema umekwenda Upanga Nyaraka za Taifa. Umepata nini?

08:40 Fadhili: Mambo mawili. Kwanza, kwenye majalada ya Mjerumani ukitafuta Juma unakosa. Wao waliandika Djuma, na Hamissi kwa s mbili. Nimepoteza asubuhi nzima kabla sijaambiwa na mzee mmoja anayesoma pale kila siku. Mwenye kutafuta wazee wake wa kabla ya 1916 alijue hilo.

08:44 Fadhili: La pili si la Upanga. Ni ile karatasi iliyokunjwa mara nne tuliyoikuta nyumbani tukitafuta vyeti vya kuzaliwa. Nimeipeleka kwa mwalimu wa Kijerumani chuoni, kanisomea. Imetolewa ofisi ya wilaya ya Pangani, 1899. Ni hati ya uhuru. Jina ni Hamissi bin Djuma. Jina la bwana wake linaanza na Djuma, mbele yake mchwa wamekula.

08:45 Zuhura: Fadhili ungenipigia simu kwanza.

09:50 Mwanaidi K.: Hati ya uhuru ndiyo nini? Ya kutoka jela?

10:15 Mwalimu Bakari: Hapana mwanangu. Ni karatasi ya mtumwa aliyeachwa huru. Pangani ya wakati ule ilikuwa na mashamba ya miwa, na waliokata miwa walikuwa watumwa. Mjerumani hakuufuta utumwa. Alitoa hati kwa mmoja mmoja, aliyejikomboa au aliyekombolewa. Baadaye akaamuru watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, wazazi wao wakabaki vile vile. Aliyeufuta wote ni Mwingereza, 1922. Na mzalia wa shamba, yaani mtumwa aliyezaliwa pale pale, mara nyingi aliitwa kwa jina la bwana wa nyumba. "Bin Juma" kwenye hati kama hii haina maana kwamba Juma ndiye aliyemzaa.

10:22 Shangazi Mwanahamisi: Hiyo itakuwa ya upande wa Mwera.

10:23 Sele wa Mwera: Shangazi. Ndivyo mlivyosema kwenye posa ya Mwanaisha. Si kufu, hatulingani nao. Baba yangu mkubwa alirudishiwa kanzu na mahari, kapanda kivuko mchana watu wanamtazama.

10:24 Shangazi Mwanahamisi: Mimi nilikuwa mtoto mdogo siku hizo.

10:24 Sele wa Mwera: Leo umekuwa mkubwa, na neno ni lile lile.

10:31 Athumani: Jamani mechi ya jana mliiona? Penalti ile halali kweli?

10:32 Hamisi Mdogo: Haikuwa halali hata kidogo, yule beki hakumgusa mtu

10:32 Athumani: Hamisi Mdogo rudia tazama, goti limegusa

10:34 Zuhura: Kaka Athumani naomba. Si leo.

10:58 Fadhili: Samahani wakubwa zangu, niseme moja. Hati ya uhuru alikaa nayo mwenyewe aliyeachwa huru. Ndiyo ilikuwa kinga yake, akikamatwa njiani anaionyesha. Bwana wake hakuwa na haja ya kuitunza.

10:58 Fadhili: Na karatasi hii haikutoka Mwera. Tumeikuta kwenye sanduku la Bibi Tatu, nyumba ya mjini.

11:00 Fadhili: Nyumba yetu sisi.

14:26 Zuhura: Hakuna mtu?

16:03 Kassim (Muheza): Ndiyo naingia sasa hivi, nilikuwa shamba. Nasoma juu.

16:20 Kassim (Muheza): Subhanallah.

20:47 Rehema: Assalaam alaykum. Niko na Bibi Tatu. Nimemsomea yote toka jana, hata zile zilizofutwa maana Kaka Athumani kamsimulia kwa simu. Ameniambia niandike anavyosema, nisiongeze langu.

20:48 Shangazi Mwanahamisi: Rehema mpumzishe Bibi, usiku huu.

20:49 Rehema: Kakataa kulala.

20:58 Rehema: BIBI ANASEMA: Marahaba zenu. Walikuwepo Hamisi wawili ndani ya ua mmoja. Mmoja mtoto wa Juma mwenye shamba. Mmoja mtoto wa mzalia wa shamba. Mama wa yule wa kwanza alikufa arobaini haijatimia, mama wa huyu wa pili akawanyonyesha wote wawili. Ziwa moja. Walikua pamoja, wakaitwa kwa jina moja la nyumba.

21:03 Rehema: BIBI ANASEMA: Aliyelala chini ya jiwe ni mwenye shamba. Alikufa kijana, kaacha mtoto mmoja, Juma. Huyo ndiye mzee wa kina Sele. Mwenzake ndiye aliyemlea yule yatima, akakaa Mwera mpaka mtoto akawa mtu mzima, akilipa kodi ya nyumba ile. Ndiyo maana wote wakamwita babu. Kisha akavuka akaja mjini akaoa. Huyo ndiye babu yangu. Tumemzika Bweni, na jiwe hatukuweka.

21:09 Rehema: BIBI ANASEMA: Karatasi nilipewa na bibi yangu, mkewe. Akaniambia usiichome na usiionyeshe. Posa ya Mwanaisha aliikataa baba yangu. Neno la kufu alilitoa yeye kwa kinywa chake, na karatasi iko chini ya kitanda chake.

21:11 Rehema: BIBI ANASEMA: Minazi ya Mwera haikuwa yetu. Ilikuwa amana ya yatima.

21:12 Rehema: Amenyamaza. Analia. Nazima simu.

ALHAMISI

05:48 Mwalimu Bakari: Nimekesha na hati ya shamba, ile ya 1318, mwaka ulioanza Mei 1900. Mwenye mali: Hamisi bin Juma. Shahidi wa pili: Hamisi mzalia wao. Rajabu alilikata jina la shahidi kwa kalamu nyekundu na pembeni kaandika "karani amerudia". Karani hakurudia. Maneno ya Bibi yana karatasi.

05:50 Mwalimu Bakari: Mambo ya mjukuu niliyoyasema juzi yaondoke. Mwenye shamba kama alinyonya na mtu aliyeachwa huru 1899 akiwa kijana, hawezi kuwa na mjukuu mlipa kodi 1924.

06:30 Kassim (Muheza): Na miaka yote tunasoma hitima kwenye kaburi la mzee wa kina Sele, wao tunawaketisha nje ya turubai.

07:15 Zuhura: Assalaam alaykum. Sikulala. Nasema kwa niaba yangu na mama yangu: bango lenye Hamisi mmoja halichapwi. Yatakuwa majina mawili, kila mmoja na mama yake na watoto wake, na mstari wa ziwa kati yao. Mwera iandikwe kwanza. Fadhili nitumie picha zote leo.

07:40 Shangazi Mwanahamisi: Wawili sawa. Lakini neno mzalia halipakwi kwenye bango mbele ya wageni. Binti yangu ana posa mwezi ujao.

07:44 Kassim (Muheza): Shangazi, neno hilo hilo ndilo lililowarudisha wenzetu na mahari yao.

07:45 Shangazi Mwanahamisi: Nimesema.

07:51 Saumu: Iandikwe kwenye kitabu cha ukoo, kwenye bango tuweke majina tu? Nauliza

07:52 Mwanaidi K.: Naunga mkono Saumu

07:53 Fadhili: Mimi siungi. Ami Rajabu naye alikata jina moja tu.

08:20 Zuhura: Mchapaji namwambia asubiri mpaka Jumatatu. Jumamosi watu watatu waende kwa Bibi Tatu wakamrekodi vizuri: jina la yule mama aliyewanyonyesha, na kaburi la Bweni liko upande gani wa msikiti. Bibi ana umri mkubwa, hatuna muda wa kubishana. Mwalimu, Fadhili, na mmoja wa Mwera. Sele?

09:10 Athumani: Nimetuma mchango. Elfu arobaini. Ishirini ni ya jiwe la Bweni, mhasibu aiandike mbali.

09:11 Zuhura: Ahsante kaka. Nimeiona.

12:35 Zuhura: Sele?

15:02 Sele wa Mwera: Nimesoma jana ile ile. Nilikwenda kumsomea mama. Kaniuliza kama Bibi Tatu anakula.

15:04 Sele wa Mwera: Jumamosi tutakuja, mimi na mama. Kwa bango siamui peke yangu, nina ndugu zangu. Na minazi tutaizungumza, si kwenye simu.

15:05 Zuhura: Ni haki yenu. Karibuni sana.

15:06 Rehema: Bibi anauliza mama yake Sele bado anapenda boga la nazi.

15:09 Sele wa Mwera: Anapenda.

15:30 Shangazi Mwanahamisi: Mimi kwenye bango bado sijakubali.

15:31 Zuhura: Shangazi nakupigia sasa hivi, pokea.