Naomba ushauri: wahadhiri wanaogopa kumtathmini mkuu wao

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mitindo ya uongozi na moyo wa wahadhiri kwa kazi yao, katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Nafuata mgawanyo wa watafiti Meyer na Allen wa 1991: mtu hubaki kazini kwa kupenda, kwa kuogopa hasara, au kwa kuhisi wajibu.

Nimegawa madodoso 60, yamerudi 22, karibu yote yanamsifu mkuu wa idara. Mhadhiri mmoja alilificha lake chini ya mitihani mkuu alipopita mlangoni, kisha akaninong'oneza, "Nasubiri pensheni tu." Inaniuma. Nimeondoa sehemu ya jina, bado wanasita.

Je, nihamie mahojiano nje ya chuo? Na haya 22 niyatumie au niyaache?